Safari ya neno kutoka akilini hadi mdomoni: Kupoteza usemi si kupoteza akili

MTU anapozungumza kwa utulivu hutamka silabi tano au zaidi kila sekunde. Hahesabu, hapangi wala hatafuti kitabu cha sarufi. Maneno humtoka kama maji yanavyotiririka mtoni, naye huku anatembea, anamenya viazi au anatazama barabara. Wataalamu waliochunguza mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza wanakadiria kwamba msemaji hukosea takriban mara moja tu katika kila maneno elfu moja. Ni kazi chache mno ambazo binadamu huzifanya kwa kasi na usahihi wa kiwango hicho.

Kwa sababu usemi huja kwa wepesi, wengi wetu hudhani kwamba kufikiri na kusema ni kitu kimoja. Dhana hii ina madhara. Mzee anapoamka asubuhi asiweze kutamka jina la mkewe, aghalabu majirani husema kwamba akili zimemruka au amerogwa. Jamaa huanza kuzungumza juu yake mbele yake kana kwamba hayupo. Mambo ya shamba, matibabu na karo za watoto huamuliwa pasi na kumhusisha. Ilhali huenda mzee huyo anaelewa mengi yanayosemwa, anamtambua kila aliyeketi chumbani, na analijua fika jambo analotaka kulisema. Kilichokatika ni njia, si chemchemi.

Ili kulielewa hilo, hatuna budi kuifuata safari ya neno tangu linapozaliwa kama wazo hadi linapotoka mdomoni kama sauti.

HATUA ZA SAFARI

Mtaalamu aliyeieleza safari hii kwa upana zaidi ni Mholanzi Willem Levelt, mwasisi wa Taasisi ya Max Planck ya saikolojia ya lugha iliyoko mjini Nijmegen, Uholanzi. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1989, Levelt alionyesha kwamba usemi hupitia vituo kadhaa, na kila kituo kina kazi yake mahususi.

Kituo cha kwanza ni cha dhana. Hapa msemaji anajua anachotaka kukieleza, lakini bado hakuna neno. Mathalan, amemwona mnyama mdogo mwenye masharubu akinywa maziwa jikoni, naye ananuia kutoa habari hiyo.

Kituo cha pili ni cha kuteua neno. Akili ya mtu mzima imehifadhi makumi ya maelfu ya maneno. Dhana ya mnyama yule inapoamka, huamsha pia maneno jirani: paka, mbwa, chui, panya. Maneno hayo hushindana, na lenye nguvu zaidi hushinda. Neno linaloteuliwa hapa bado halina sauti. Lina maana na sifa za kisarufi tu, kwa mfano ngeli yake.

Kituo cha tatu ni cha umbo la sauti. Sasa akili huzikusanya sauti za neno, yaani /p/, /a/, /k/, /a/, na kuzipanga katika silabi: pa-ka.

Kituo cha mwisho ni cha utamkaji. Ubongo hutuma amri kwa misuli ya kifua, koo, taya, ulimi na midomo. Pumzi hutoka mapafuni, nyuzi za sauti hutetema kooni, midomo hufunga na kufunguka, na neno husikika.

Mwaka 2004 Levelt na mwenzake Peter Indefrey walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ambamo watu walionyeshwa picha na kuombwa waitaje. Walikadiria kwamba tangu jicho linapoiona picha hadi mdomo unapoanza kutamka, hupita takriban sehemu sita za kumi za sekunde moja. Katika muda huo mfupi, vituo vyote vinne huwa vimeshapitiwa.

Kuna pia mlinzi langoni. Msemaji hujisikiliza anaposema, na hata kabla hajasema. Ndiyo maana mtu hujikatiza katikati ya neno na kujisahihisha kabla ya mwenzake kutambua lolote.

VITENZI VYETU NA MZIGO WAKE

Lugha yetu inaonyesha vyema jinsi upangaji huu ulivyo wa kustaajabisha. Chukua neno moja tu: "hatutawapikia". Ndani yake mna vipashio saba. Ha- ni ukanushi. -tu- ni sisi. -ta- ni wakati ujao. -wa- ni wale watakaokosa chakula. -pik- ni mzizi wenye maana ya kitendo. -i- inaonyesha kwamba kitendo kinafanywa kwa ajili ya mtu, na -a ni kiishio.

Tafakari sasa maana ya mpangilio huo kwa akili ya msemaji. Kabla hajatamka ile silabi ya kwanza, ha-, lazima awe ameshaamua kukana. Anapofika kwenye -wa- lazima awe anajua ni akina nani wanaozungumziwa, hata kama neno "wageni" litasikika baadaye: "Hatutawapikia wageni." Mzizi wa kitenzi, ambao ndio kiini cha habari, unakuja nyuma ya viambishi vinne. Kwa hivyo akili haitoi neno moja moja kama mtu anayetoa mahindi guniani. Huwa imetazama mbele na kuandaa fungu zima kabla ya sehemu yake ya kwanza kusikika.

Ngeli nazo zina mzigo wake. Mtu anaposema "Kiti changu kipya kimevunjika," ngeli ya neno "kiti" imejitokeza mara nne: katika nomino yenyewe, katika kimilikishi, katika kivumishi na katika kitenzi. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili huyafanya haya bila kufunzwa kanuni yoyote. Mgeni aliyejifunza lugha ukubwani huenda akakwama papo hapo miaka nenda miaka rudi.

ULIMI UNAPOTELEZA

Je, wataalamu walijuaje kwamba vituo hivi viko mbalimbali, ilhali hakuna anayeweza kuviona? Ushahidi mmoja mkubwa umetokana na makosa. Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, kujikwaa ulimi ni dirisha la kuchungulia akilini.

Mwanaisimu Mmarekani Victoria Fromkin alikusanya makosa ya aina hii kwa miaka mingi, na mwaka 1971 alichapisha makala iliyowafanya wataalamu wayatazame kwa uzito. Alionyesha kwamba ulimi hauteleza ovyo. Huteleza kwa kanuni.

Kosa la kwanza ni la neno kuchukua nafasi ya jirani yake wa maana. Mtu anataka kusema "mkono" anasema "mguu". Anataka kusema "jana" anasema "kesho". Mama mwenye watoto watano humwita kitinda mimba kwa majina ya ndugu zake wote kabla ya kulipata lake. Hapa kosa limetokea katika kituo cha kuteua neno, pale majirani wanaposhindana.

Kosa la pili ni la sauti kubadilishana nafasi. Mtu anayetaka "chai ya maziwa" akasema "mai ya chaziwa" hajakosea maana hata kidogo. Maneno aliyoyateua yalikuwa sahihi. Kosa limetokea baadaye, katika kituo cha kupanga sauti. Tazama pia kwamba "mai" na "chaziwa", ingawa si maneno anayoyakusudia, yana sura ya Kiswahili. Hata inapokosea, akili huheshimu mpangilio wa sauti wa lugha inayotumika.

Kosa la tatu ndilo linalofunua mengi zaidi. Mtu anataka kusema "Kitabu kiko mezani" akasema "Meza iko kitabuni". Maneno mawili yamebadilishana nafasi, lakini viambishi havikuhama nayo. Kile kiambishi -ni cha mahali kimebaki mwisho wa sentensi na kumdandia mgeni wake mpya, huku kitenzi kikifuata ngeli ya "meza". Kosa kama hili lisingewezekana iwapo akili ingehifadhi "mezani" kama kipande kimoja. Linatuonyesha kwamba kiunzi cha sentensi hujengwa kando, kisha maneno yakapachikwa, na viambishi vikavikwa mwishoni.

NENO LINAPOGOMA

Ushahidi mwingine ni ile hali ambapo mtu anamjua anayetaka kumtaja, anaikumbuka sura yake na kazi yake, lakini jina halimjii. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliichunguza hali hiyo. Waliwasomea wanafunzi maana za maneno yasiyotumika sana na kuwataka wayataje. Wanafunzi waliokwama mara nyingi waliweza kubashiri herufi ya kwanza ya neno, na hata idadi ya silabi zake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wasemaji wa Kiitaliano ulipiga hatua zaidi. Katika lugha hiyo kila nomino ina jinsia ya kisarufi, jambo linalokaribiana na ngeli zetu. Waitaliano waliokwama waliweza mara nyingi kutaja jinsia ya neno hata pale ambapo sauti zake hazikuwajia. Yaani kituo cha kuteua neno kilikuwa kimefanya kazi yake, na sarufi ya neno ilikuwa imepatikana. Lililokwama lilikuwa umbo la sauti peke yake.

Msomaji aliyewahi kukwama kwa namna hii ameonja, kwa nukta chache, hali anayoishi nayo mtu aliyepoteza usemi mwaka baada ya mwaka.

LUGHA MBILI KATIKA KICHWA KIMOJA

Wakenya wengi hawana lugha moja akilini. Wana lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza, na vijana wengi wa mijini wana Sheng. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton alifanya utafiti jijini Nairobi, na data ya Kiswahili na Kiingereza aliyoipata humu nchini ilikuwa mojawapo ya nguzo za nadharia aliyoichapisha mwaka 1993, ambayo wanaisimu kote duniani wanaijadili hadi leo.

Alitoa hoja kwamba mtu anapochanganya lugha, hachanganyi kiholela. Lugha moja hutoa kiunzi cha sentensi, na nyingine hutoa maneno ya kupachikwa. Kijana akisema "amenitext", mzizi ndio wa Kiingereza, lakini nafsi, wakati na mtendwa vyote ni vya Kiswahili na viko mahali pake barabara. Ni hadithi ile ile ya "meza iko kitabuni": kiunzi hujengwa na maneno yakapachikwa.

Lugha hizo zote huwa macho kwa wakati mmoja na hushindana. Anayezungumza Kiingereza mbele ya meneja wake hulazimika kuizuia Kiswahili isichomoke. Kazi hiyo ya kuzuia hufanywa na ubongo bila mwenyewe kutambua.

MGONJWA ALIYESEMA "TAN"

Mambo haya yote hufanyika wapi? Jibu la kwanza lenye ithibati lilipatikana Ufaransa mwaka 1861. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, mlikuwa na mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka 21 alikuwa amelazwa humo, na kila alipoulizwa jambo alijibu kwa silabi moja tu, aliyoirudia mara mbili: "tan, tan". Wenzake wakamwita Tan.

Mwezi Aprili mwaka huo alipelekwa kwa daktari wa upasuaji Paul Broca kutokana na ugonjwa wa mguu. Broca alimuuliza amekaa hospitalini miaka mingapi. Leborgne alifungua vidole vyake vitano mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Jawabu lilikuwa sahihi. Broca alirudia swali hilo siku iliyofuata, akapata jibu lile lile. Alipouliza mara ya tatu, mgonjwa alitambua kwamba anafanyiwa jaribio, akakasirika na kutoa tusi kwa Kifaransa safi.

Siku chache baadaye Leborgne aliaga dunia. Broca alipoupasua ubongo wake alikuta uharibifu upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Miezi michache baadaye alipata mgonjwa wa pili, Lelong, aliyekuwa amebakiwa na maneno matano tu. Uharibifu ulikuwa mahali pale pale. Bongo hizo mbili zilihifadhiwa, na mwaka 2007 watafiti walizipiga picha kwa mitambo ya kisasa. Waligundua kwamba uharibifu ulizama ndani zaidi kuliko Broca alivyoweza kuona. Hii leo wataalamu wanakubaliana kwamba usemi hautokani na sehemu moja pekee bali na mtandao wa sehemu nyingi zinazowasiliana, na kwamba katika watu wengi mno mtandao huo umeegemea upande wa kushoto.

Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alieleza aina tofauti ya ugonjwa. Wagonjwa wake walisema maneno mengi, kwa kasi na kwa kiimbo cha kawaida, lakini maneno hayakuleta maana, nao walishindwa kuelewa walichoambiwa. Uharibifu wao ulikuwa nyuma zaidi, karibu na sehemu ya kusikilizia.

Matatizo haya kwa jumla huitwa afasia. Mara nyingi chanzo chake ni kiharusi, yaani mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wanaopatwa na kiharusi hupata afasia. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, wengi wao hupooza pia mkono au mguu wa kulia, na hivyo hata kuandika kunawawia vigumu.

WIMBO UNAPOPITA NENO LISIPOPITA

Jamaa wa wagonjwa wa afasia hushangazwa na jambo moja. Mtu asiyeweza kuomba maji huweza kuapa, kuhesabu moja hadi kumi, kusali sala aliyoizoea, au kuimba wimbo mzima pamoja na maneno yake. Baadhi ya watu hudhani kwamba anajifanya. La hasha. Wimbo na sala ni vifungu vilivyokaririwa, haviundwi upya kituo baada ya kituo, na upande wa kulia wa ubongo husaidia kuvitoa. Kuomba maji kunadai kiunzi kipya na maneno mapya.

Madaktari wameitumia tofauti hiyo katika tiba. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi kichwani katika jimbo la Arizona mnamo Januari 2011, alipata afasia, na nyimbo zilikuwa sehemu ya tiba iliyomsaidia kurejesha maneno.

Ushahidi wa hivi karibuni unaikata kauli ya wanaodai kwamba asiyesema hana la kusema. Mwaka 2023 makundi mawili ya watafiti katika jimbo la California yaliripoti kuhusu wagonjwa wawili, mmoja mwenye maradhi ya neva yanayodhoofisha misuli na mwingine aliyepatwa na kiharusi cha shina la ubongo. Wote hawakuweza kuzungumza kwa kueleweka. Hawakuwa na afasia; kwao kituo kilichokatika kilikuwa cha utamkaji. Vifaa vidogo viliwekwa kwenye bongo zao, wakaombwa wajaribu kusema. Kompyuta ilizisoma ishara za ubongo na kuzigeuza kuwa maandishi: maneno 62 kwa dakika kwa mmoja, 78 kwa mwingine. Sentensi zilikuwamo wakati wote zikingoja njia.

LA KUFANYA NYUMBANI

Vifaa hivyo bado ni vya majaribio. Lakini yako mambo ambayo kila familia inaweza kuyafanya leo.

Kwanza ni kukimbia. Iwapo uso wa mtu umelegea upande mmoja, mkono mmoja umekosa nguvu, au usemi umevurugika ghafla, huo si wakati wa kungoja kupambazuke wala wa kumtafuta mganga. Itazameni saa na mkariri muda dalili zilipoanza, kisha afikishwe hospitalini mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya ubongo kupigwa picha ili kuhakikisha kwamba mshipa haukupasuka.

Pili ni kumweleza daktari lugha zote za mgonjwa. Anayejua lugha kadhaa huweza kurejeshewa moja mapema kuliko nyingine. Bibi aliyeishi maisha yake yote kwa Kikamba akipimwa kwa Kiingereza pekee, huenda akaandikiwa kwamba haelewi kitu, ilhali hajaulizwa kwa lugha yake. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na wengi wako mijini, hivyo basi mjukuu anayekaa na bibi na kufanya naye mazoezi ya maneno kila siku anatoa huduma isiyo ndogo.

Tatu ni namna ya kuzungumza naye. Zimeni redio. Azungumze mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi, lakini kwa sauti na heshima anayostahili mtu mzima. Muulizeni maswali yanayojibika kwa ndiyo au la, au kwa kunyooshea kidole. Mwonyesheni kitu chenyewe au picha yake. Mpeni muda. Kumdakiza neno kila anapositasita ni kumnyang'anya zoezi analolihitaji, na hasira yake isidhaniwe kuwa ni wazimu. Hata Leborgne alikasirika, na alikuwa na sababu.

Si kila mgonjwa anaelewa yote. Wenye afasia aliyoieleza Wernicke huhitaji ishara na subira zaidi, na wapo wengine ambao kiharusi kimewagusa pia kumbukumbu. Ndiyo sababu daktari ndiye anayepaswa kupima kiasi cha kuelewa kilichobaki, badala ya jirani kukikisia kutokana na ukimya.

Hadi upimaji huo ufanyike, familia ichukulie kwamba anasikia na anaelewa. Panapotakiwa uamuzi juu ya matibabu yake au mali yake, aketishwe kikaoni, aelezwe polepole, aulizwe, na angojewe ajibu kwa mkono, kwa kichwa au kwa neno lolote alilosalia nalo.